Mashini Inasema Amisi Ni Mmoja

Mikelenge, Kindu

Feza mwanangu,

Natangaza rasmi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe kama mkuu wa nyumba hii, na mbele ya shahidi mmoja ambaye ni kuku: chaja ya kompyuta yako imepatikana. Ilikuwa ndani ya sufuria kubwa, ile ya kupikia watu wa matanga, imezungushiwa kitenge chako cha kijani, pale pale ulipoiweka mwenyewe asubuhi ili usiisahau. Msako umefungwa. Wote uliowashuku, yaani mdogo wako, fundi wa redio na mimi, tumeachiwa huru bila fidia.

Umekwenda Kasuku kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajamlisha mara mbili, kwa hiyo nina jioni nzima ya kukuandikia. Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia habari za chandarua, wala za wanaume wa Kama unakokwenda, ambao nasikia wana dhahabu mfukoni na maneno matamu mdomoni, na mara nyingi hata hiyo dhahabu haiko. Hayo yote unayajua, na usipoyajua utayajua bila mimi.

Nataka kukuandikia juu ya kazi. Kesho unavuka mto kwenda kuwaandika wachimbaji wa ushirika mmoja wa huko Kama ndani ya kompyuta: jina, kijiji, shimo analochimba. Kazi ya namna hiyo niliifanya kabla yako, wewe ukiwa mgongoni mwangu. Niliifanya vibaya. Kuna mtoto mmoja ambaye hakupanda ndege ya kumrudisha kwa mama yake, na mstari wake niliufuta mimi, kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu.

Juzi ulinionyesha cheti chako cha miezi mitatu, ukasema, "Mama, siku hizi programu yenyewe njo inaona makosa. Muntu akiingia mara mbili, inakataa." Nikasema, "Vizuri sana." Ukaniangalia. "Sasa mbona unakaa hivyo?" Nikasema mgongo. Haukuwa mgongo.

Ilikuwa katika miaka ya vita. Watu wa vijijini walikuwa wanakimbilia mjini, watu wa mjini wanakimbilia msituni, na wote wakikutana njiani kila mmoja anamwambia mwenzake usiende huko. Watoto walipotea katika kupishana huko. Hapa Mikelenge palifunguliwa kituo cha kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Mkuu wake alikuwa Papa Agostino, mtu mrefu aliyefunga tai hata siku ya kuchimba choo. Kituo kilipewa kompyuta moja na jenereta moja. Walitafuta mtu wa kompyuta mji mzima, hawakupata, ila walinipata mimi, niliyekuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya reli mpaka treni ilipoacha kuja.

"Mama Feza," Papa Agostino akaniuliza, "unajua ordinateri?"

"Najua, Papa."

Sikuwa nimewahi kuigusa. Nilipiga hesabu kwamba vidole ni vile vile.

Mashini ile iliishi saa mbili kwa siku, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, mafuta yakiwepo. Kitabu cha mafundisho kilikuwepo pia, cha Kifaransa, kikianzia ukurasa wa arobaini na moja. Kurasa za kwanza mtu alikuwa amekwisha kufungia karanga. Kwa hiyo sikujua programu ile inaanzaje. Nilijua inavyoendelea tu. Lakini ndani yake mlikuwa na mfano wa kujifunzia, duka moja la nchi za mbali lililouza jibini, biskuti na samaki wa kopo. Mimi, ambaye asubuhi nilikuwa nimekula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi na bila mawese, nilijifunza jedwali ni nini kwa kupanga aina za jibini. Nilijua nani ameagiza jibini gani na limefika lini. Kama wangekuja Kindu wateja wale, ningewahudumia vizuri kuliko nilivyowahudumia watu wa vijiji vya Kailo.

Naandika haya ili ujue kwamba sikuwa mjinga kuliko wengine. Nilikuwa mjifunzaji, na mjifunzaji ni hatari zaidi, maana anafurahi.

Jedwali langu la kwanza lilikuwa na safu mbili: Jina, na Maelezo. Katika Maelezo nilitia kila kitu, kama ninavyoandika kwenye daftari: alipotelea wapi, alivaa nini, analia au halii. Papa Agostino akaja siku moja. "Nipe watoto wote wa Pangi." Nikakaa mbele ya mashini jioni nzima nikisoma Maelezo moja baada ya moja, kwa macho yangu, mpaka jenereta ikazima. Mashini ilinitazama tu. Ilikuwa na uwezo wa kutafuta, ila mimi nilikuwa nimeificha Pangi ndani ya hadithi. Baadaye nikagawanya: kijiji safu yake, jina la baba safu yake. Nilijiona mhandisi.

Halafu nikaweka safu ya umri. Mtoto ana miaka saba, naandika saba. Mwaka ukapita, tukapokea wageni wakubwa, wakataka orodha ya walio chini ya miaka minane. Nikatoa. Mgeni mmoja akamtazama mvulana aliyesimama mlangoni, mrefu kama ufagio, akasema, "Huyu ana saba?" Kwenye mashini yangu hakuna mtoto aliyekuwa amekua hata siku moja. Basi nikaelewa kwamba huandiki umri, unaandika mwaka wa kuzaliwa, na umri unauacha mashini ijihesabie yenyewe.

Kosa moja ni lako, nalo nalitaja kwa sababu haki ni haki. Ulikuwa na miezi kumi hivi. Nikiinama kuchukua fishi, ile karatasi ya kuandikia mtoto, sakafuni, mkono wako ukapita juu ya bega langu ukatua kwenye vitufe. Mimi sikuona. Siku ile kituo kiliandikisha mtoto aitwaye Kkkkkkkkj, asiye na kijiji. Papa Agostino alimtafuta siku tatu. Alikwenda mpaka kwa wazee wa Wasongola kuuliza kama ni jina la kwao.

Sasa naingia kwenye jambo lenyewe, na unaona jinsi ninavyozunguka.

Baada ya kugundua habari ya mwaka wa kuzaliwa, programu ikanidai tarehe kamili. Siku, mwezi, mwaka. Ilikataa kupokea mwaka peke yake, au mimi sikujua namna ya kuibembeleza. Unamwuliza mtoto wa kijijini, "Ulizaliwa lini?" Anasema, "Wakati wa mpunga." Mpunga gani? "Ule ulioliwa na nyani." Basi nikafanya walivyofanya makarani wote kabla yangu. Kila asiyejua tarehe, nikamzalisha tarehe mosi Januari. Ukifungua orodha yangu ungedhani wanawake wa Kailo yote walikuwa wanajifungua usiku mmoja, baada ya sikukuu.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa kitabu unaozungumza juu ya ufunguo. Ufunguo ni kile kinachomtenganisha mtu na mwenzake, ili asiandikwe mara mbili. Na tulikuwa na shida hiyo kweli. Kulikuwa na watu waliomwandikisha mtoto mmoja Mikelenge leo na kesho Alunguli, ng'ambo ya mto, ili wapate sabuni na turubai mara mbili. Sikuwalaumu, turubai moja ilikuwa inavuja. Lakini Papa Agostino alikuwa amechoka. "Mama Feza, mashini yako haiwezi kuwakamata?" Nikasoma, nikajaribu, nikakosea siku nne, siku ya tano nikaweza. Niliiambia programu: jina, jina la baba, kijiji na tarehe ya kuzaliwa, vyote vinne vikifanana, huyo ni mtu mmoja. Kataa wa pili.

Ikakataa! Siku ya kwanza tu ilikamata watatu. Papa Agostino alinipa mkono mbele ya watu wote. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Wiki hiyo hiyo zikaja fishi mbili. Moja iliandikwa huku upande wetu, moja iliandikwa Alunguli na mtu mwingine. Amisi. Baba, Ramazani. Kijiji, njia ya Kailo. Miaka minane, maana yake tarehe mosi Januari ya mwaka ule ule. Niliingiza ya kwanza. Nilipoingiza ya pili, mashini ikalia ule mlio wake. Nikacheka, Feza. Nilicheka peke yangu ofisini. Nikasema, hawa watu wa Kailo, hata mtoto wamemfundisha kuvuka mto kwa ajili ya sabuni.

Nilikuwa nimekwisha kuuandika mstari kwenye jedwali la muda, lile la kusubiri kuhakikiwa. Nikauchagua. Nikabonyeza kufuta. Programu ikaniuliza, kwa Kifaransa kizuri na kwa adabu ambayo sikuizoea siku zile: unakaribia kufuta mstari mmoja, hutaweza kurudi nyuma, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo.

Wewe unajua ambacho mimi nilikuwa nakijua pia, ndiyo maana sina pa kujificha. Unajua mwanaume wa huku mwenye wake wawili anavyofanya. Baba yake akiwa ameitwa Amisi, mke wa kwanza akizaa mvulana, anamwita Amisi. Mke wa pili akizaa mvulana, yeye naye hakubali mtoto wa mwenzake achukue jina la babu peke yake, anamwita Amisi. Nyumba moja, Amisi wawili, na hakuna anayechanganya, kwa sababu kila mtu pale anasema Amisi wa Zaina, Amisi wa Sakina. Kwetu sisi jina la mtu linamalizikia kwa mama yake. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, nilicheza na Yusufu wawili wa nyumba moja. Lakini nilipokaa mbele ya mashini ile nikawa mtu wa nchi za jibini.

Na fishi ile ilikuwa na kitu kingine. Chini kabisa, kwa penseli, yule aliyeiandika Alunguli alikuwa ameongeza: "mama Sakina." Nilikiona. Hapo ndipo ninapotaka unielewe vizuri: nilikiona. Jedwali langu halikuwa na safu ya mama, kwa kuwa fishi ya kuchapwa ilikuwa na nafasi ya mkuu wa familia tu. Kuongeza safu kulimaanisha kupanga upya ukurasa wa kuchapia, na ukurasa ule nilikuwa nimeupigania mwezi mzima mpaka mistari ikakaa sawa. Jenereta ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Nikasema, nitaongeza kesho.

Ndege ikatua huku upande wetu siku chache baadaye, ndege ndogo, ya kwenda Kalima, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na mapigano na wazazi wengi wa watoto wetu walikuwa wamejulikana huko. Nilichapa orodha. Mistari ilikaa sawa. Amisi mmoja akapanda.

Tulikuwa na fonia, redio ya kuzungumza na Kalima, na mwenye kuishika alikuwa Bwana Idi, ambaye alipiga kelele hata alipokuwa anaongea na mtu aliye mbele yake. Wiki haikwisha, akatoa kichwa dirishani.

"Mama Feza! Kalima inauliza. Amisi ya Ramazani iko wapi?"

"Alikwenda na ndege."

"Ule alifika. Wanauliza mwingine. Kuko mama mbili pale, moja anashika mutoto, mwingine anashika mikono mitupu."

"Uwaambie iko mumoja tu."

"Wanasema ni wawili."

"Mashini inasema mumoja."

Akatoa na mabega dirishani. Kisha akasema, "Mama Feza, mashini njo ilimuzaa?"

Nilikasirika. Nilimwambia ashike kazi yake na mimi nishike yangu. Kalima wakauliza tena baada ya siku nne, nikajibu vile vile. Mara ya tatu Idi hakuniita. Alikuja mwenyewe mpaka mezani, akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Yule mama amelala karibu na antena yao. Hataki kutoka."

Ndipo nikaenda kwenye katoni la sabuni nililotunzia fishi. Nilizikuta zote mbili, moja juu ya nyingine, kama nilivyozitupa. Ya kwanza, kwa wino, nyuma ya karatasi: mama Zaina. Ya pili, kwa penseli: mama Sakina. Ilichukua muda mfupi sana. Ukweli ulikuwa kwenye katoni la sabuni, futi mbili kutoka kiti changu, tangu mwanzo.

Asubuhi nilivuka kwenda Alunguli na wewe mgongoni. Fishi ilisema mtoto anakaa kwa seremala mmoja nyuma ya soko. Nilikuta nyumba wazi, randa ya seremala chini, na bata mmoja. Mapigano yalikuwa yamepita pale siku mbili kabla. Jirani pekee aliyebaki, mzee mmoja asiyeweza kutembea, aliniambia, "Walitoka wote. Njia ya porini." Na mtoto? "Watoto walikuwa wengi, mama. Kila muntu alishika aliyekuwa karibu." Nilikaa kwenye benchi la seremala mpaka ulipoanza kulia njaa. Sikuwa na la kufanya. Nilirudi.

Jioni, jenereta ilipowaka, nilimrudisha Amisi kwenye jedwali. Niliongeza safu ya mama. Nilibadilisha ufunguo. Ilichukua dakika nne.

Ndege nyingine haikuja.

Sakina alifika kwa miguu, miezi mingi baadaye, njia ilipofunguka. Mwanamke mfupi, mweusi sana, miguu imevimba, kitenge kimekuwa rangi ya njia. Alisimama mlangoni. "Muniitie ule mwenye mashini."

"Njo miye, mama."

"Fungua."

Haikuwa saa ya jenereta. Papa Agostino alimtazama, akafungua kopo la mafuta ya akiba, akaenda kuiwasha mwenyewe na tai yake. Nikafungua programu. Sakina akavuta kiti, akakaa ubavuni pangu kama tunachambua maharagwe.

"Andika Amisi."

Nikaandika. Mistari miwili ikatoka, maana wakati huo nilikuwa nimekwisha kumrudisha kwenye jedwali. Akauliza kila mstari unasema nini. Nikamsomea. Wa Zaina, amefikishwa Kalima. Wa Sakina, hajulikani alipo.

"Andika tena."

"Mama, nikiandika tena itatoa ule ule."

"Andika tena, weye. Labda haikusikia."

Niliandika mara saba, Feza. Sikuhesabu makusudi, vidole vilihesabu. Kila mara alisogea mbele kidogo. Mwishoni akauliza kwa nini mwanawe hakuitwa siku ya ndege, na mwenzake aliitwa. Papa Agostino alikuwa amesimama nyuma yetu. Idi alikuwa dirishani. Nikasema, "Mashini ilikosea, mama."

Akaitazama ile mashini muda mrefu. "Na mashini ikikosea," akasema, "muntu anaenda kulalamika kwa nani?"



Hakurudi Kalima wala Kailo. Alibaki hapa, kwa sababu mwanawe aliandikwa hapa, na akitafutwa na mwanawe atatafutwa hapa. Unamjua. Ni yule mama Sakina wa sokoni, mwenye mpunga, ambaye kila mara alikuwa anakuongezea kiganja kimoja na wewe ukidhani anakupenda kwa sababu unacheka vizuri. Ulikuwa wa umri wa kubebwa siku alipokuja. Nadhani alikuwa anapima kwako miaka inavyokwenda. Mimi nilikuwa nakutuma wewe sokoni. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mama yako, anayependa kubishana bei kuliko kula, hanunui mpunga mwenyewe?

Vita viliisha, kituo kikafungwa, kompyuta ikapakiwa na wenyewe. Mimi nilibaki na disketi moja, ile ya bluu iliyo kwenye kopo la vifungo. Siku moja ulinicheka, ukasema ni kitu cha makumbusho. Nilimpelekea fundi mmoja karibu na posta. Akaigeuza mkononi, akaniuliza inaingilia wapi. Basi watoto wote wale wako humo, tarehe mosi Januari wote, na hakuna mlango.

Sasa ufikirie Kama. Watakuja mbele yako wanaume wenye matope mpaka kwenye kope. Utauliza jina, mmoja atasema Dolari, mwingine atasema Kamanda, mwingine Shauri Yako. "Andika tu Shauri Yako, dada, huku wote wananijua." Na kweli, huku wote wanamjua, mpaka siku shimo litakapojifunga na wale wanaomjua wakiwa humo humo pamoja naye. Siku hiyo watakuja watu kwako, wanawake hasa, na watakaa ubavuni pako kama mnachambua maharagwe. Hawatakuuliza umetengeneza jedwali zuri namna gani.

Sina hekima ya kukupa juu ya siku hiyo. Ningekuwa nayo ningeitumia. Ninachojua ni vitu vidogo vya mezani. Programu ikikukatalia mtu, usimwangalie mtu kama mwizi. Angalia kwanza ulichoiambia programu. Usifute wa pili. Mwekee alama, mwache akae pembeni, nafasi ipo, siku hizi mashini zina nafasi kuliko nyumba zetu. Mpe kila mtu namba yake, isiyo jina, isiyo tarehe, namba tupu isiyomaanisha kitu, maana kila kinachomaanisha kitu kuna mtu mwingine anacho pia. Na ukiona jambo limeandikwa kwa penseli pembeni ya karatasi, ujue kuna mtu aliona fishi yako haitoshi. Yule wa Alunguli alijua. Sikuwahi kumjua jina.

Na kitu kingine, ambacho nimekizuia tangu uliposema unakwenda Kama. Nimekizuia wiki tatu. Watoto wengi waliopotea miaka ile walikulia kwenye machimbo. Sikuombi umtafute.

Ndiyo, nakuomba umtafute. Usiandike Amisi, watakutokea wengi mpaka uchoke, Maniema haina uhaba. Usitafute kwa umri, niliubuni mimi. Waulize jina la mama. Kama jedwali walilokupa halina safu hiyo, iongeze, hata kama ukurasa wa kuchapia utaharibika. Uharibike. Halafu siku moja, labda baada ya mwaka, labda kamwe, andika Sakina uone kitakachotoka. Najua kinachotoka kwa kawaida. Nimekwisha kuandika mara saba.

Nilijiambia siwezi kukupa mzigo huu kabla sijaupeleka kwa mwenyewe. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni mimi. Nilimkuta anapepeta. Alishangaa kuniona. "Feza anaumwa?"

"Feza ni mzima. Anakwenda kazini Kama. Miye njo nina neno."

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia mashini haikukosea. Nilimwambia juu ya ufunguo, ingawa sijui alielewa nini, na juu ya penseli, ambayo aliielewa. Nilimwambia nilicheka. Nilimwambia kwamba kama nisingebonyeza, jina lingekuwa kwenye orodha, wangemfuata Alunguli asubuhi ile, angepanda ndege na mwenzake. Nilisema yote, kwa mpangilio, kama nilivyoyapanga kichwani miaka yote ile, na nilipomaliza nikasubiri.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta namna ya kutomwaibisha mgeni.

"Mama Feza," akasema, "mimi niliuliza wapiga kasia wote, mwaka ule ule niliofika. Ile siku ya ndege jeshi lilifunga kivuko tangu alfajiri. Hakuna mutumbwi hata mumoja ulivuka."